Theluji ya Uhakika

Swali lilitumwa na wifi yangu kwenye kundi la WhatsApp la familia mwezi wa Septemba, wakati hapa Munich bado tulikuwa tunavaa mikono mifupi: Krismasi hii twende wapi ambako theluji ni ya uhakika na kila mtu atapata cha kufanya?

Wajerumani wana neno moja kwa nusu ya kwanza ya swali hilo, schneesicher, na utalikuta kwenye matangazo mengi ya hoteli za milimani. Kwa nusu ya pili hawana neno. Nadhani hata sisi hatuna. Niliishi na swali hilo miezi mitatu, na kadiri nilivyolichunguza ndivyo nilivyoona kwamba si swali la likizo tu. Watu wasiolingana nguvu wanapotakiwa kuchagua kitu kimoja, kipimo kiwe cha nani? Na wakishadai uhakika, nani anaulipia?

Nianze na watu wenyewe. Tulikuwa wanane. Mume wangu na dada yake walivalishwa mbao za skii wakiwa na miaka mitatu. Kwao kuteleza mlimani ni kama kwetu kupanda mti wa parachichi, hukumbuki ulijifunza lini. Mume wa wifi yangu si hodari kama wao, lakini hasemi. Kijana wao ana miaka 16 na hataki kusikia habari ya mteremko usio na rangi nyeusi. Huku milimani njia hupakwa rangi kulingana na ugumu: buluu kwa wanaoanza, nyekundu kwa waliozoea, nyeusi kwa wasiojali magoti yao. Binti yetu ana miaka minane, bado yuko kwenye buluu. Mimi nilijifunza nikiwa na miaka 31, na nitazikwa kwenye buluu. Mama mkwe ana miaka 72 na goti la chuma. Wa nane alikuwa Mama yangu, miaka 68, ambaye kwa mara ya kwanza angetoka Marangu kuja kula Krismasi kwetu.

Ili kumtendea haki mume wangu lazima nisimulie Krismasi ya 2022. Mwaka ule mimi ndiye niliyechagua. Nilichagua kijiji cha Austria kilicho chini ya mita 1,000, chenye kanisa zuri, bei nafuu na njia za kutembea kwa miguu. Mvua ilinyesha. Mlimani palikuwa na ukanda mmoja mweupe, mwembamba kama kitambaa cha meza, katikati ya majani mabichi. Lifti nyingi zilifungwa. Binti yetu, wakati huo na miaka mitano, alikaa kwenye ngazi za nyumba ya wageni akiwa amevaa kofia ngumu, akasubiri. Hakuwa peke yake katika kusubiri huko. Siku ya Mwaka Mpya wa 2023, mji wa Delémont huko Uswisi ulipima nyuzi joto 20.2, na picha za milima ya kijani zikazunguka dunia nzima. Lakini mtoto haponywi kwa takwimu. Mume wangu alisema neno moja tu tulipokuwa tukirudi: basi. Hakutaka tena kuahidi kitu ambacho mbingu inaweza kukikataa.

Safari hii, kwa hiyo, alitengeneza jedwali. Nilijifunza mengi kutoka kwenye jedwali lile. Uhakika wa theluji, kumbe, una vipimo vyake. Kwanza ni mwinuko: Val Thorens ya Ufaransa iko mita 2,300 juu ya usawa wa bahari; Obergurgl ya Austria mita 1,930. Pili ni upande ambao mteremko umeelekea, kwa sababu ule unaotazama kaskazini haupigwi sana na jua. Tatu ni kama juu yake kuna barafu ya kudumu. Nne ni mizinga, yaani mashine zinazorusha maji hewani kwenye baridi ili yaanguke yakiwa theluji. Kuna hata kanuni ya kitaalamu: kituo huhesabiwa kuwa na uhakika kama theluji yake inafikia sentimita 30 kwa siku 100 za msimu, katika miaka saba kati ya kumi. Mwaka 2007 shirika la OECD liliipima milima ya Alpi kwa kanuni kama hiyo, likakuta vituo 609 kati ya 666 vinafaulu. Joto likipanda nyuzi 2, likakadiria, vitabaki 404. Likipanda nyuzi 4, vitabaki 202.

Nilizisoma namba hizo usiku, binti akiwa amelala, nikaelewa kwa nini watu wanapanda juu zaidi kila mwaka. Uhakika unahama. Nao wanaufuata, kama wafugaji wanavyofuata majani.

Kwenye jedwali la mume wangu niliongeza safu moja: Nani atabaki hotelini?

Ilikuwa njia yangu ya kuanza ugomvi kwa adabu. Nilipokuwa nasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulifundishwa John Rawls na kitabu chake cha 1971 kuhusu haki. Wazo lake maarufu ni rahisi kulisimulia. Mkitaka kupanga jamii kwa haki, jifanyeni hamjui mtazaliwa nani ndani yake, tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Mtu asiyejua ataangukia wapi atapanga vizuri hata kwa ajili ya yule wa chini kabisa. Nikaandika kwenye kundi: tujifanye hatujui nani kati yetu ana miaka 16 na magoti mapya, na nani ana miaka 72 na goti la chuma. Tungechagua wapi? Nilijibu mwenyewe. Kijiji tambarare, njia za kutembea, mkahawa wenye dirisha kubwa. Kule juu, kwenye mita 2,300, hoteli zimejengwa ili mtu atoke mlangoni akiwa tayari amevaa mbao miguuni. Asiyezivaa anashinda dirishani.

Nilijiona nimemaliza kazi. Kundi likawa kimya. Kisha simu ikalia. Alikuwa mama mkwe.

"Usinifanye mimi sababu," alisema. Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka. "Nimeteleza milima hiyo miaka 50. Nikikaa dirishani nikawaona wajukuu wangu wanashuka, na mimi nashuka nao. Lakini nikiwaona wamekaa mezani pamoja nami kwa huruma, siku hiyo ndipo nitakapokuwa mzee."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemweka katikati ya hoja yangu bila kumwuliza, nikaiita haki. Ni kosa ambalo sisi tuliosoma kidogo tunalifanya mara kwa mara: tunamtafuta aliye dhaifu kuliko wote, tunasimama nyuma yake, kisha tunaongea kwa sauti yake. Rawls alitutaka tumfikirie mtu wa chini. Nami nilikuwa nimemfikiria kwa kuangalia goti lake tu.

Basi nikampigia Mama, ambaye pia nilikuwa nimeshamwamulia. Nilikuwa na hakika anataka kijiji tulivu. Ana presha, hapendi baridi, na Krismasi kwake ni watu. Mtu wa Kilimanjaro atanielewa. Desemba mabasi ya kwenda Moshi yanajaa, nauli zinapanda, mji wa Dar unapumua, na kila Mchaga mwenye nauli anarudi kihambani. Hakuna anayeuliza kama hali ya hewa itakuwa nzuri. Mbuzi atachinjwa, mbege itakuwepo, mvua ikinyesha watu wataingia ndani.

"Mimi nakuja kuwaona ninyi," Mama alisema. "Mnilaze popote." Kisha akanyamaza kidogo. "Ila nisikudanganye, mwanangu. Nataka kuishika hiyo theluji. Tangu nizaliwe naiona kwa mbali."

Ilinichukua muda kuelewa alichosema. Miaka 68 amefungua mlango asubuhi, na mawingu yakikubali, Kibo iko pale juu ya migomba, nyeupe. Kaka yake mkubwa alibeba mizigo ya wageni hadi kwenye barafu na kurudi. Watu wametoka Ujerumani, Japani na Marekani wakaigusa. Yeye amewauzia ndizi walipokuwa wakipita. Na sasa, katika familia yangu yote, mtu aliyehitaji theluji ya uhakika kuliko kijana wa miaka 16 na mbao zake alikuwa ni huyu mama asiyejua kuteleza hata hatua moja. Kijiji changu cha chini, chenye kanisa zuri, kingeweza kumnyima kitu pekee alichokiomba.

"Na isipoanguka?" aliuliza.

"Ndiyo maana tunatafuta mahali pa uhakika, Mama."

"Uhakika!" Akacheka. "Huku tunangoja vuli, na siku hizi haina adabu. Nyie wenzetu mmeweza kuipangia theluji?"

Neno lake lilinikaa kichwani. Uhakika na haki ni maneno ya shina moja. Yote mawili tumeyapokea kutoka Kiarabu, kama vile theluji yenyewe. Katika Kiswahili chetu yameachana: moja limekwenda sokoni, jingine mahakamani. Lakini nilipokuwa nikiyafikiria pamoja niliona kitu ambacho jedwali halikunionyesha. Hakuna mtu anayeuza uhakika. Kinachouzwa ni kuhamisha wasiwasi. Ninapolipia uhakika, mashaka yangu hayafi. Yanatolewa begani kwangu na kuwekwa kwenye bega la mwingine. Kazi ya haki ni kuuliza ni bega la nani.

Ndani ya familia hili linaonekana haraka. Tungepanda mita 2,300, mume wangu angekuwa na uhakika wa mteremko, na wazee wawili wangebeba mashaka yote: wa presha angejiuliza kama atalala vizuri, wa goti angejiuliza siku zitapitaje. Tungeshuka mita 800, mimi ningekuwa na uhakika wa amani yangu ya kimaadili, na mtoto angekaa tena kwenye ngazi. Kila upande ulikuwa unatafuta pa kutua mzigo wake.

Nje ya familia mzigo unakwenda mbali zaidi. Chukua ile mizinga. Hekta moja ya mteremko ikifunikwa kwa theluji ya kutengeneza ya sentimita 30 au zaidi, inahitaji takriban lita milioni moja za maji. Maji hayo hutoka kwenye mito na mabwawa yaliyochimbwa mlimani, nayo hurushwa kwa umeme. Siku hizi Italia ina miteremko mingi mno inayotegemea mashine hizo. Nazo haziwezi kushinda joto, zinahitaji baridi ya kutosha ili kufanya kazi. Kwa hiyo kijiji tajiri hununua usiku chache zenye baridi na kuzitumia vizuri. Kijiji maskini cha chini hufunga lifti, na vijana wake huhamia mjini. Kuhusu barafu yenyewe, nimeona picha za Austria za wakati wa kiangazi, barafu ikifunikwa kwa mashuka meupe ili isiyeyuke haraka. Kuna jambo la upendo katika picha zile, kama mtu anavyomfunika mgonjwa. Lakini asubuhi mgonjwa huyohuyo anatakiwa kuamka kwenda kazini.

Na mimi nisijitoe. Mama alikuja kwa ndege. Sisi tulikwenda mlimani kwa magari mawili. Mabadiliko ya tabianchi yanayozisukuma juu theluji za Alpi yanahusishwa pia na kuliwa kwa barafu ya Kibo, ambayo tangu ilipopimwa mwaka 1912 imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake. UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro inatarajiwa kutoweka ifikapo 2050. Kaya zinazoishi chini ya Kibo hazikununua uhakika wa mtu yeyote, ila bega ni lao.

Nilimweleza mume wangu haya yote jikoni. Alinisikiliza, kisha akatoa pingamizi mbili ambazo bado siwezi kuzipuuza. La kwanza: watu wa mabonde yale wanaishi kwa wageni. Babu zao waliishi kwa ng'ombe wachache na viazi, na wengi waliondoka kwa njaa. Tukikaa nyumbani na dhamiri safi, nani atamlipa mwalimu wa skii, au yule mama anayetandika vitanda? La pili lilikuwa zito zaidi. "Mtoto ana utoto mmoja," alisema. "Theluji inaisha, sawa. Je, kwa sababu inaisha asijifunze kuipenda?"

Sikumjibu kwa nadharia. Tulirudi kwenye jedwali, safari hii tukamwuliza kila mtu kitu kimoja: ni jambo gani ukilikosa utasema hukuja? Si unapenda nini; orodha ya mapenzi haina mwisho. Kijana alisema: siku mbili za mlima wa kweli. Wifi alisema: nisipike. Mumewe, kwa mara ya kwanza, alisema: mahali ambapo naweza kwenda taratibu bila kusubiriwa. Mama mkwe: niwaone wakishuka. Mama: niishike. Binti: shule ya skii yenye rafiki. Mume wangu alifikiri sana, akasema: nisimwambie mtoto tena kwamba leo haiwezekani.

Yalipowekwa pamoja, majibu yale hayakuelekea juu wala chini. Yalielekea kwenye bonde. Huko Tirol, saa mbili hivi kwa gari kutoka kwetu, liko bonde la Tux. Kijiji cha Lanersbach kiko kama mita 1,300, na kina miteremko yake ya wanaoanza na njia za kutembea. Mwisho wa bonde iko Hintertux, ambako magari ya waya hupanda hadi kwenye barafu ya mita 3,250, na watu huteleza mpaka mwezi wa Agosti. Basi hupita kati ya viwili hivyo. Wenye magoti wanaamka mapema na kupanda. Wasio nayo wanaamka wanapotaka. Jioni wote wanakula meza moja. Hatukupata uhakika kamili mahali pa kulala, wala ukaribu kamili na barafu. Kila mmoja alibaki na kipande kidogo cha mashaka yake mwenyewe. Sasa nadhani hiyo ndiyo ilikuwa haki tuliyoiweza: tuligawana mashaka hadi yakawa yanabebeka.

Siku ya tatu mvua ilinyesha kijijini. Walimu wa skii wakawapandisha watoto juu, na binti yangu akarudi jioni akisema ameteleza juu ya mawingu. Mama zetu wawili walibaki. Hawana lugha moja. Niliporudi niliwakuta mezani wakivunja jozi, mmoja akivunja na mwingine akichambua, kila mtu akiongea lugha yake na kujibiwa kwa nyingine. Sikuwa nimeandika safu ya hilo kwenye jedwali.

Tulimpandisha Mama siku ya mwisho, baada ya daktari kumpima presha na kusema apande bila haraka na asikae sana. Magari ya waya yalituchukua hatua kwa hatua. Alishika mkono wangu na kufumba macho kila tulipopita nguzo. Juu kabisa, hatua chache tu kutoka kituoni, kuna lango la kuingia ndani ya barafu yenyewe. Kuna mapango ya asili yenye ngazi na taa. Mama hakutaka kwenda mbali. Nje palikuwa na theluji mpya, akainama, akaichota kwa kiganja, akaitazama ikiyeyuka. Kisha tukaingia mlangoni, akavua glavu ya pili na kuweka mkono ukutani.

"Baridi," alisema. Hakusema zaidi.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alikuwa akitembea kuelekea nchi ya Wachaga alipoona weupe juu ya mlima. Mmoja wa waliomwongoza, alipoulizwa kile ni nini, alikiita baridi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji, na mabingwa wa jiografia waliokaa London wakakataa kuamini. Karibu na ikweta, walisema, haiwezekani. Niliwahi kukisoma kisa hicho kama kichekesho kuhusu Wazungu wabishi. Nikiwa nimesimama nyuma ya Mama nilikifikiria upande wa pili: yule mwongozaji alikuwa amesema kweli yote aliyoihitaji, na hakuna aliyemwuliza kama angependa kufika.

Tulipokuwa tukishuka, Mama alikuwa anatazama nje sasa, macho wazi.

"Na hii nayo inaisha?" aliuliza.

"Inaisha, Mama."

Akafikiri. Chini yetu wajukuu na wageni walikuwa wanashuka kwa mistari, wadogo kama sisimizi kwenye sukari.

"Basi tumewahi," alisema.

Alilisema kwa furaha, nami nilifurahi pamoja naye. Lakini neno hilo sijalimaliza hadi leo. Tumewahi, na kila aliyewahi amepita njia inayomchelewesha mwingine. Wifi yangu ameshauliza kwenye kundi kuhusu Krismasi ijayo. Binti yangu ameshajifunza kukata kona, anataka kurudi. Nami nataka arudi. Nimefungua jedwali, na ile safu niliyoiongeza nimeibadilisha jina. Haiulizi tena nani atabaki hotelini. Inauliza: mashaka yetu tumemwachia nani? Bado sijaandika chochote chini yake.